Waliosoma Rugby, na haki ya kushindwa

Ndani ya pori la Rufiji, mahali paitwapo Beho Beho, kuna kaburi la Mwingereza aliyeuawa na mdunguaji wa jeshi la Wajerumani tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65. Ni kaburi la Frederick Courteney Selous. Watanzania wengi tulikua tukilijua jina hilo kama jina la pori, si la mtu. Pori la akiba lilianza kuitwa Selous mwaka 1922. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kipande kilichosalia bado kinalibeba jina la marehemu.

Selous alisoma Rugby, shule kongwe ya bweni iliyoko Warwickshire, katikati ya Uingereza, ile ile iliyoupa jina mchezo wa raga. Aliingia pale mwaka 1866. Leo ukitafuta orodha ya watu mashuhuri waliopitia Rugby utamkuta humo, jirani na waziri mkuu mmoja, askofu mkuu wa Canterbury, washairi kadhaa, mwandishi wa vitabu vya watoto anayejulikana dunia nzima, na mwandishi wa riwaya Salman Rushdie.

Kila shule kongwe ya Uingereza ina orodha ya namna hiyo. Wanaozitetea shule hizi huinyoosha mbele yako: mti hujulikana kwa matunda yake, basi tazama matunda. Wanaozipinga huinyoosha orodha hiyo hiyo: tazama namna watu wachache walivyojigawia nchi. Mimi naona wote wawili wanaisoma vibaya, kwa sababu wote wanaisoma kutoka juu, kwenye majina makubwa. Ukitaka kujua shule inampa nini mtoto, usianze na siku aliyoshinda. Anza na siku aliyoanguka, uone nani alimwinua na aliinuliwa hadi wapi.

Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo mjadala unaelea. Rugby ilianzishwa mwaka 1567 kwa wosia wa Lawrence Sheriff, mfanyabiashara wa London aliyekuwa akimuuzia Malkia Elizabeth wa Kwanza viungo na bidhaa za dukani. Alitaka watoto wa kiume wa mji wa Rugby na kijiji jirani cha Brownsover wasome bure, kwa hiyo ilikuwa shule ya watoto wa wenyeji. Kadiri miaka ilivyokwenda, wanafunzi wa bweni waliolipa ada kutoka mbali wakawa wengi kuliko wenyeji, na fedha zao ndizo zikaiendesha shule.

Mwaka 1828 akaja mwalimu mkuu Thomas Arnold, padri wa Kianglikana aliyekaa hadi alipofariki mwaka 1842. Huyu ndiye aliyeifanya Rugby kuwa kielelezo. Kwa Arnold, dini na maadili vilikuja kwanza, kisha mwenendo wa kiungwana, na akili za darasani nafasi ya tatu. Mfumo wa viranja hakuubuni yeye, ila aliugeuza kuwa uti wa mgongo wa shule: vijana wa darasa la juu ndio walioshika nidhamu ya wenzao, na yeye akawashika wao. Sisi tuliolala mabweni ya Afrika Mashariki, tukapigiwa kengele na kuandikwa majina na kiranja wa zamu, tunaujua mfumo huo bila kuambiwa ulikotoka.

Lakini Arnold huyo huyo hakuyapenda madarasa ya chini, yale ambayo mtoto wa fundi au mwenye duka wa pale mjini angeanzia. Bila madarasa hayo, mtoto asiyekuwa na mwalimu wa kulipwa nyumbani hakuwa na namna ya kuingia. Wenyeji walilalamika, na mwaka 1839 jambo likawa kesi mahakamani. Mwishowe, mwaka 1878, watoto wa mji walifunguliwa shule nyingine, ikaitwa Lawrence Sheriff School. Mwanzilishi ni mmoja na mji ni mmoja, ila sasa milango ni miwili. Ule mkubwa ulibaki kwa wageni wenye fedha, na wale walioandikwa kwenye wosia wakapewa mdogo. Lawrence Sheriff ipo hadi leo, ni shule nzuri ya serikali inayochagua kwa mtihani, na haitozi ada. Orodha ya wanafunzi wake wa zamani haina waziri mkuu.

Sasa tuwatazame vijana wa Arnold mwenyewe, kwa sababu kama kuna mahali pa kupima nadharia kwamba shule hutengeneza tabia ya mtu, ni hapa. Tuchukue wanne walioishi pale miaka ya 1830, wakasikia mahubiri yale yale kanisani kila Jumapili.

Arthur Hugh Clough alikuwa nyota ya shule, kipenzi cha mwalimu mkuu. Kila mtu alijua atakuwa mtu mkubwa. Alikwenda Oxford, na mwaka 1841 akapata daraja la pili badala ya la kwanza. Inasimuliwa kwamba alitembea kwa miguu kutoka Oxford hadi Rugby, mwendo unaokaribia kilomita 80, ili amwambie Arnold kwa mdomo wake kuwa ameshindwa. Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kudumu katika chuo cha Oriel, hapo hapo Oxford. Mwaka 1848 aliiacha kwa sababu imani yake ya dini ilikuwa imetikisika. Akapata kazi nyingine katika ofisi ya serikali ya elimu, na miaka yake ya mwisho alimsaidia Florence Nightingale, ndugu wa mkewe, kwa kazi za ofisini zisizo na malipo. Alikufa mwaka 1861 akiwa na miaka 42. Wenzake walimwona kama ahadi isiyotimizwa, ingawa leo mashairi yake yanasomwa kuliko vitabu vingi vya waliomsikitikia.

Matthew Arnold, mtoto wa mwalimu mkuu, naye alipata daraja la pili Oxford. Alipata kazi ya ukatibu kwa bwana mkubwa mmoja, Lord Lansdowne, na bwana huyo mwaka 1851 akampa ukaguzi wa shule. Aliifanya kazi hiyo miaka 35, akizunguka katika shule za watoto wa maskini, huku akiandika mashairi na insha usiku.

Thomas Hughes alikuwa mwanasheria, mbunge, mjamaa wa Kikristo na rafiki wa vyama vya wafanyakazi. Riwaya yake ya mwaka 1857 kuhusu maisha ya Rugby ndiyo iliyolifanya jina la shule hiyo lijulikane hata kwa watu ambao hawakuwahi kuiona. Mwaka 1880 alianzisha makazi mapya katika milima ya Tennessee, Marekani, akayaita Rugby. Yalikuwa ya vijana wa familia bora ambao, kwa kuwa si wazaliwa wa kwanza, wasingerithi kitu. Wangelima na kujitegemea mbali na macho ya shangazi zao. Mwaka uliofuata homa ya matumbo iliua watu saba. Wakajenga kiwanda cha kufungasha nyanya kwenye makopo, kikafa kwa sababu wakazi hawakulima nyanya za kutosha. (Hapo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ushirika atatabasamu kwa uchungu.) Hughes alipoteza fedha zake nyingi. Mwaka 1882, katikati ya balaa hilo, aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya wilaya huko Chester, akaishi kwa mshahara huo.

Wa nne ni William Hodson. Huyu alikwenda India kama ofisa wa jeshi. Katikati ya miaka ya 1850 aliondolewa kwenye uongozi wa kikosi chake kwa tuhuma kuhusu hesabu za fedha za kikosi. Kwa askari wa kawaida, hapo ndipo hadithi ingeishia. Mwaka 1857 uasi dhidi ya Waingereza ulipolipuka huko India, Hodson alipewa kibali cha kuunda kikosi chake mwenyewe cha wapanda farasi. Mwezi Septemba mwaka huo, nje ya Delhi, aliwapiga risasi wana wawili na mjukuu mmoja wa mfalme wa mwisho wa Kimughal, Bahadur Shah Zafar, wakiwa mateka wasio na silaha. Miezi michache baadaye naye aliuawa huko Lucknow.

Walikuwa na mwalimu mkuu mmoja na kanisa moja, wakawa mshairi aliyeacha cheo kwa ajili ya dhamiri, mkaguzi wa shule, mjamaa aliyefilisika, na muuaji wa mateka. Nani atasema Rugby ilizalisha tabia fulani? Ukitaka kuipongeza Rugby kwa ajili ya Hughes, itabidi upokee na Hodson.

Ila tazama kile ambacho wote wanne walikipata, tofauti na tabia. Kila mmoja alianguka, na kila mmoja alipewa zamu nyingine. Aliyepata daraja la pili akapewa nafasi chuoni, au kazi ya serikali kwa mkono wa bwana mkubwa, aliyepoteza mali akapewa ujaji, na aliyetiliwa shaka kwenye hesabu akapewa kikosi. Haki ya kushindwa na kuendelea kuwa mtu ndiyo naiona kuwa bidhaa halisi ya shule hizi, na haitajwi katika kipeperushi chochote cha usajili.

Selous mwenyewe ni mfano. Baba yake aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la London. Alipomaliza Rugby alipelekwa Ulaya kusoma lugha, na kule Wiesbaden alimpiga mlinzi wa msitu aliyemkuta akiiba mayai ya ndege, akalazimika kukimbilia Austria. Kwa lugha yetu ya leo, huyo alikuwa kijana jangili aliyemjeruhi askari wa wanyamapori. Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, alishuka Afrika Kusini na pauni 400 mfukoni. Aliwinda tembo katika nchi ya mfalme Lobengula kwa ruhusa ya mfalme huyo, na mwaka 1890 akawa kiongozi wa njia wa msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes ulioingia Mashonaland, katika Zimbabwe ya leo, kuitwaa nchi. Mwisho wake jina lake likapewa eneo la kulinda wanyama. Sina haja ya kumtukana marehemu: alikuwa na ujuzi wa kweli wa porini, aliandika anachokijua, na alijitolea kupigana akiwa mzee ambaye angeweza kubaki nyumbani. Lakini ni vijana wangapi wa Kimatumbi au Kindengereko waliowahi kukamatwa na mayai au nyama ya porini wakaishia kuitwa jina la hifadhi?

Neville Chamberlain, waziri mkuu pekee aliyetoka Rugby, ndiye anayekamilisha picha. Hakuipenda shule, na hakwenda Oxford wala Cambridge. Alisoma katika chuo cha sayansi cha Birmingham. Mwaka 1891 baba yake, Joseph Chamberlain, ambaye baadaye alikuwa waziri wa makoloni, alimtuma kisiwa cha Andros, Bahamas, akalime mkonge. Udongo ulikuwa mwembamba, mkonge ukagoma. Baada ya miaka takriban sita shamba lilifungwa na pauni 50,000 za familia zikawa zimezama, fedha ya kutisha kwa wakati ule. Wasomaji wa Tanga na Morogoro watapenda kujua kwamba ni katika miaka hiyo hiyo, 1893, Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge huku kwetu, ikashika. Chamberlain alirudi Birmingham akiwa na miaka 28 hivi, ndugu wakamsaidia kuingia katika kiwanda cha vitanda vya melini, akawa meya mwaka 1915, mbunge mwaka 1918, na waziri mkuu mwaka 1937.

Hapa mtetezi wa shule atanyanyua mkono, na ana haki. Atasema: hayo yote ni ya familia, si ya shule. Aliyelipa pauni 50,000 ni baba, si Rugby. Hughes alipewa ujaji kwa sababu alikuwa wakili mwandamizi na mwanasiasa anayejulikana. Ukiiondoa shule kwenye hadithi, Chamberlain bado ni mtoto wa kishua. Hoja hii ni nzito. Shule inayochagua watoto wa wenye nacho haiwezi kujisifu kwamba waliishia kuwa na nacho, na kwa mantiki hiyo hiyo haiwezi kulaumiwa peke yake.

Yupo pia mtetezi mwenye hoja nzuri zaidi, na huyu ndiye ninayemheshimu. Atakutajia Richard Tawney na William Temple, ambao waliingia Rugby siku moja, wakawa marafiki wa maisha. Tawney, mzaliwa wa Calcutta, alikuwa mwanahistoria wa uchumi na mmoja wa wakosoaji wakali wa mfumo wa matabaka wa Waingereza. Aliandika kwamba laana ya urithi ya elimu ya Uingereza ni kupangwa kwa misingi ya tabaka. Vita vya kwanza vilipokuja alikataa uofisa, akapigana kama sajini, na alijeruhiwa siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, tarehe 1 Julai 1916. Temple, ambaye baba yake aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa Rugby, alikuwa rais wa kwanza wa chama cha elimu ya wafanyakazi, Workers' Educational Association, na mwaka 1942 akawa askofu mkuu wa Canterbury. Ni miongoni mwa watu waliolieneza wazo la dola inayowatunza raia wake wote. Kwa hiyo, atasema mtetezi, hata waliotaka kuibomoa nyumba walijifunzia humo kutumia nyundo. Kilatini, hoja, ujasiri wa kusimama mbele ya watu wakubwa bila kutetemeka, vyote hivyo ni elimu halisi, si koneksheni tu.

Nakubali. Ila naona kwamba Tawney alisikilizwa kwa sababu pia ya alikotoka. Mchimba makaa wa Durham aliyesema maneno yale yale aliitwa mchochezi.

Lipo na jambo ambalo wapinzani huliruka. Zaidi ya watu 600 waliosoma Rugby walikufa katika vita vya 1914 hadi 1918, akiwemo mshairi Rupert Brooke, aliyezaliwa hapo hapo mjini Rugby na ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Maofisa vijana walitangulia mbele ya askari wao, na kwa uwiano walikufa wengi kuliko askari wa kawaida. Tabaka lile lililojipa vyeo lilijipa na makaburi. Mtu anayesema shule zile zilifundisha starehe tu hajaingia kwenye kanisa la kumbukumbu lililojengwa pale baada ya vita.

Vilevile si kila aliyepita alibebwa na kufurahi. Charles Dodgson, ambaye dunia inamjua kwa jina la Lewis Carroll, alikuwa Rugby tangu 1846 hadi 1849, na baadaye aliandika kwamba hakuna kitu duniani kingemshawishi aipitie tena miaka ile mitatu. Rushdie alifika mwaka 1961 kutoka Bombay, akiwa na miaka 13, akakutana na ubaguzi. Amewahi kusimulia kwa utani mchungu kwamba alikuwa na makosa matatu: mgeni, mwenye akili, na asiyejua michezo. Ukiwa na mawili ungesamehewa. Wote wawili wamo kwenye orodha ya fahari, na nadhani hapo ndipo shule inapokosa haya kidogo, kuwavaa kama medali watu iliowatesa.

Turudi kwenye swali la shule au familia, kwa kuwa limepimwa. Mwaka 2017 wanasosholojia wa Uingereza walichapisha utafiti uliopitia miaka 120 ya Who's Who, kitabu cha kila mwaka chenye wasifu mfupi wa watu wenye vyeo nchini humo. Walizitazama kwa karibu shule tisa ambazo tume ya serikali ilizichunguza miaka ya 1860: Eton, Harrow, Winchester, Westminster, Charterhouse, Shrewsbury, St Paul's, Merchant Taylors' na Rugby. Matokeo yao yanampa kila upande kitu cha kushika. Nguvu ya shule hizo imepungua sana kadiri karne ilivyosonga. Hata hivyo, aliyesoma katika mojawapo ya hizo tisa bado ana uwezekano mara 94 zaidi wa kuingia kitabuni kuliko aliyesoma shule nyingine yoyote.

Lakini jambo lililonivutia ni jingine, ambalo halikupata vichwa vya habari. Waligundua kwamba waliosoma shule hizo wanaendelea kufika juu hata bila kupitia Oxford, Cambridge au klabu za mabwana wakubwa. Yaani hata yule ambaye hakupata chuo bora anafika. Hiyo ndiyo zamu ya pili niliyoisema, safari hii katika takwimu. Familia ina mchango wake humo, bila shaka, na utafiti wa namna hii hauwezi kuutenganisha kabisa na wa shule. Ila kama ni familia tu, kwa nini familia tajiri zinaendelea kulipa zaidi ya pauni 40,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja wa bweni? Watu wanaojua kuhesabu fedha hawanunui wasichohitaji.

Taasisi ya Sutton Trust na tume ya serikali ya Uingereza kuhusu fursa za kijamii walitoa ripoti mwaka 2019. Waliosoma shule za kulipia ni asilimia 7 ya wananchi, lakini ni asilimia 65 ya majaji wa ngazi za juu. Tawney asingeshangaa.

Majaribio ya kurekebisha yamekuwapo. Kamati ya Fleming mwaka 1944 ilipendekeza robo ya nafasi katika shule hizi wapewe watoto kutoka shule za umma kwa fedha ya umma, na pendekezo likafia kwenye makabati. Tangu 2003 Rugby yenyewe ina mfuko, Arnold Foundation, unaolipia watoto wa familia zisizo na uwezo. Ni kazi nzuri, na kwa mtoto mmoja mmoja ni mabadiliko ya maisha, ingawa idadi yao ni ndogo mno kubadili sura ya shule. Na tangu tarehe 1 Januari 2025 serikali ya Uingereza inatoza VAT ya asilimia 20 kwenye ada za shule binafsi. Wanaounga mkono wanasema fedha hiyo iende kuajiri walimu wa shule za umma. Wanaopinga wanasema atakayeumia ni mzazi wa kipato cha kati aliyejinyima, kwa kuwa tajiri hatahisi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinasema kweli, na kodi hiyo haigusi kiini cha jambo, kwa kuwa haimpi mtoto wa shule ya umma ile ruhusa ya kuanguka. Inapandisha tu bei ya ruhusa hiyo kwa wanaoinunua.

Huku kwetu tuliiga umbo tukaacha kiini. Budo ya Uganda mwaka 1906, shule ya Tabora miaka ya 1920, Alliance ya Kikuyu mwaka 1926: mabweni, viranja, wimbo wa shule, kanisa au paredi. Nazo zina orodha za kujivunia. Tabora ilimsomesha Julius Nyerere tangu 1937 hadi 1942. Lakini shule zile zilijengwa juu ya uhaba. Nafasi zilikuwa chache kiasi kwamba mtihani mmoja ulitosha kumrudisha kijana shambani, na hakukuwa na Lord Lansdowne wa kumpigia simu. Walioingia wengi walikuwa na akili kali kweli kweli, pengine kuliko wenzao wa Warwickshire, kwa sababu asiye nazo hakufika. Hadi leo kijana akipata ziro kidato cha nne familia nzima inazungumza kwa sauti ya msiba, kisha mjomba anaulizwa kama anaweza kumkopesha bodaboda.

Kwa hiyo ukiniuliza nimesimama wapi, sina ugomvi na mtoto wa Rugby kupewa zamu ya pili. Clough alistahili, na Chamberlain wa Andros pia, kijana aliyetumwa na baba kulima mahali pasipolimika. Ugomvi wangu ni kwamba zamu hiyo ilikatwa kutoka kwenye wosia wa watoto wa Brownsover. Na walioipata, kwa sehemu kubwa, waliendelea maisha yao yote wakiamini kwamba walishinda kwa tabia.

Sasa biashara imehamia kwetu. Rugby ina tawi Thailand tangu 2017 na Japani tangu 2023. Charterhouse, mwenzake katika zile tisa, ilifungua Lagos mwaka 2024. Nairobi na Dar es Salaam tayari zina shule za mtaala wa Uingereza zenye ada za kukata pumzi, na sitashangaa moja ya majina yale makongwe ikibisha hodi. Wakija, watakuja na orodha, na wazazi wataonyeshwa picha za waliosoma kule. Mzazi atakayetembezwa kwenye maabara na bwawa la kuogelea angefanya vizuri kuuliza jambo moja kabla ya kuandika hundi: waliopata alama mbaya kabisa hapa miaka mitano iliyopita, leo wako wapi, na nani aliwapokea? Rugby ya Warwickshire inaweza kulijibu swali hilo kwa rejista inayoanzia mwaka 1675. Tawi la mwaka 2017 ndiyo kwanza linaanza kuandika yake.